Neno Lenye Kichwa na Mkia

Juzi nilikwenda hospitali kumtazama mdogo wangu aliyekuwa amelazwa. Nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, mhudumu akapita na ndoo, akasugua sakafu kwa dawa ile kali ambayo harufu yake hukaa nyuma ya pua hata baada ya mtu kutoka nje. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho. Akasema bila kuyafumbua, "Mama amerudi kazini." Tulicheka kidogo. Mama yetu amefariki zamani, lakini kwetu sisi aliotuzaa, harufu ile ni ya mikono yake. Ilikuwamo katika ugali wa mtama aliousonga, katika mafuta aliyotupaka asubuhi za baridi, na katika kanga aliyotufunika tulipougua homa. Nilidhani kila mama hunuka hivyo, na nilipokwenda kulala kwa shangazi kwa mara ya kwanza nilishangaa kuona kwamba yeye ananuka moshi na maziwa tu.

Kuna kipindi kimoja mikono ya mama iliacha kunuka dawa. Hakikuwa kipindi kirefu, lakini ndicho ninachokikumbuka kuliko vingine vyote vya utoto wangu, na kilianza kwa neno moja la Kiingereza.

Tulikaa Iramba, si mbali na ukingo ambapo njia inaanza kushuka kuelekea Sekenke. Baba alikuwa mkulima na mwenye ng'ombe wachache. Zamani, akiwa tayari na mke na watoto, aliwahi kufanya kazi katika mgodi mdogo wa dhahabu huko chini, akarudi na kikohozi pamoja na maneno machache ya Kiingereza ambayo aliyatamka yote kwa pumzi moja kama jina la mtu. Bwana wake wa mgodini, alivyotusimulia, alimsifu kila siku. Kila siku alimpiga bega na kumwambia, "Good boy." Kisha asubuhi moja yeye na wenzake wakaambiwa kazi imekwisha, warudi makwao. Tangu hapo baba aliamini kwamba Mzungu akikusifu ujue siku zako zimehesabiwa.

Mama naye alifanya kazi katika zahanati ya misheni. Alianza kwa kufua mashuka na kuchemsha vitambaa, lakini baada ya muda kazi yake kubwa ikawa kubeba maneno. Muuguzi wa pale alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Sista, mrefu, mwenye mabega yaliyopinda kidogo mbele kama mtu anayeingia mlango mfupi. Alijua Kiswahili cha kitabuni. Wagonjwa wengi, hasa wanawake waliotoka upande wa ziwa Kitangiri, hawakujua Kiswahili cha namna yoyote. Mama alisimama katikati. Mgonjwa alisema kwa Kinyiramba, mama akageuza kwa Kiswahili, Sista akajibu, na mama akarudisha, akiongeza pole na utani pale ambapo Sista hakuwa ameviweka. Mtu aliyekuja akitetemeka aliondoka akiwa ametulia. Baba hakuipenda kazi ile, ila hakuikataza. Alisema tu kwamba siku moja na yeye ataambiwa imekwisha.

Mimi nilikuwa nimeingia shule ya kati, jengo la matofali ya udongo lililotazamana na zahanati, wasichana wachache tukiwa tumekaa benchi la mbele ili wavulana wasitusumbue. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Elia. Alikuwa mtu mwembamba, msafi mno, aliyevaa koti hata jua likiwaka, na alikuwa na njia yake mwenyewe ya kufundisha. Alisema hatuwezi kukariri maneno yote ya Kiingereza hata tukisoma mpaka uzee, kwa hiyo tujifunze kuyapasua kama mtu anavyopasua kuku. Neno lina kichwa, lina kiwiliwili, lina mkia. Ukivijua vichwa vichache na mikia michache, utaingia msitu wowote wa maneno na kutoka salama.

Alitumia lugha zetu kutuonyesha njia. Alituuliza kufunga na kufungua vinatofautiana wapi, kukunja na kukunjua, kuziba na kuzibua. Tuliona wenyewe kwamba kuna kipande kidogo cha mwisho kinachorudisha kitendo nyuma. Mwingereza naye anacho, akasema, ila yeye hukiweka mbele: tie ni kufunga, untie ni kufungua. Kisha akageuza upande wa pili. Sisi tukitaka kumtaja mtu wa kazi fulani tunaweka kipande mbele, mwimbaji, mlinzi. Mwingereza anakiweka nyuma, singer, teacher. Nakumbuka nilivyohisi siku hiyo. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mtu niliyemwogopa ni ndugu yangu, ila anavaa nguo kinyume.

Baada ya hapo hatukushikika. Mkia less maana yake ni kukosa kitu, basi sisi sote tukawa shoeless, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na viatu, halikuwa tusi. Tulipofundishwa kwamba port ni kubeba, nilimweleza babu mzaa baba, ambaye wakati wa vita alibebeshwa mizigo ya askari mpaka bega lake moja likabaki chini, kwamba yeye alikuwa porter. Babu aliniuliza kama jina hilo linaondoa maumivu. Tulipoambiwa spect ni kutazama, tukaelewa kwa nini inspekta wa shule hakuwa na kazi nyingine ila kutazama ndani ya kila kitu, hata ndani ya chungu cha uji.

Nilizidisha, kama watoto wanavyozidisha. Nilipasua hata maneno yasiyopasuka. Nilimwambia Mwalimu Elia kwamba mother ni moth yenye mkia er, na kwa kuwa moth ni nondo, basi mama ni mtu afanyaye kazi ya nondo, yaani kuzungukazunguka moto. Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba si kila neno lina viungo, na kwamba mengine ni kama jiwe, ukiligonga unaumia mkono tu. Nilimsikia, lakini sikumwamini. Nilikwisha kuona kwamba kisu changu kinakata.

Wiki ile tulipojifunza kichwa in na mkia able, alikuja mgeni katika zahanati, daktari wa Kizungu aliyekuwa akipita kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kichwa in, Mwalimu alituambia, ni sawa na neno letu "si": correct ni sahihi, incorrect si sahihi. Mkia able ni ika yetu: kitu kinachosomeka, kinacholika, kinachopitika. Nilitoka darasani nikiwa nimevishika viwili hivyo mkononi kama kokoto mpya.

Nilikuwa na kawaida ya kumsubiri mama nje ya zahanati ili twende nyumbani pamoja. Siku hiyo nilikaa kwenye kizingiti nikiwaangalia kupitia mlango uliokuwa wazi. Sista na mgeni wake walikuwa wamesimama karibu na meza ya dawa, na mama alikuwa hapo hapo mbele yao, akikunja vitambaa. Walizungumza Kiingereza. Mgeni akauliza jambo huku akimwelekezea mama kidevu. Sista akamtazama mama, mama akainua macho akatabasamu kidogo, kama mtu anavyotabasamu akijua anazungumzwa, na Sista akasema kwa sauti ya wazi, polepole, nami nikasikia kila neno, "This one is invaluable."

Mgeni akatikisa kichwa kukubali. Mama akarudia vitambaa vyake.

Neno value nililijua. Lilikuwamo katika somo la hesabu, thamani ya kitu. Nililipasua pale pale kizingitini. In, si. Value, thamani. Able, ika. Halikuwa na ugumu wowote, lilifunguka lenyewe: huyu hathaminiki. Huyu hana thamani.

Tukashika njia ya nyumbani. Upepo wa Iramba ulivuma ukitusukuma mgongoni, mama akaniuliza nimekula nini, nikajibu. Nilikuwa nikimtazama kwa pembeni. Sikuwa na hasira na Sista, hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uwazi zaidi. Nilikuwa na mshangao wa mtu aliyefungua sanduku la mtu mwingine kwa ufunguo wake mwenyewe. Maneno ambayo watu wazima wote wa kijiji chetu wangeyasikia kama mlio wa ndege, mimi niliyasikia kama maneno.

Nilisema jioni, tulipokuwa tunakula. Nilisema kwa sababu baba aliniuliza nimejifunza nini shuleni, kama alivyoniuliza kila siku, na hicho ndicho nilichokuwa nimejifunza. Nikawaeleza kichwa na mkia, nikawaeleza in na able, kisha nikawaeleza Sista alivyosema. Baba aliacha kula. Akaniuliza kama nina hakika, nikalipasua neno tena mbele yao, kipande kwa kipande, na kila kipande kikakaa mahali pake.

Baba hakumcheka mama wala hakumkumbusha kwamba alionya. Alisema tu, "Angalau wewe umesemwa ungali kazini. Mimi nilisifiwa."

Mama alimaliza chakula chake, akaosha sufuria, na kesho yake hakwenda zahanati. Alijifunga kanga akaenda shambani kuwafukuza ndege, maana mtama ulikuwa umeanza kukaza na kwelea walikuwa wakishuka kama wingu. Siku iliyofuata akaenda tena shambani.

Sista alituma mtu kuuliza kama mama anaumwa. Mama akajibu haumwi, ana kazi ya mtama. Sista akatuma tena, mama akajibu vile vile. Nyumbani mambo yalikuwa shwari kuliko kawaida. Baba alikuwa mpole kwa mama kwa namna ambayo hatukuizoea. Alimchongea fimbo mpya ya kutishia ndege, akamletea maji shambani. Mimi nilitembea kichwa juu. Neno langu lilikuwa limeaminiwa na watu wazima, na watu wazima wamebadilisha mwendo wao kwa ajili yake. Jambo lililonisumbua lilikuwa moja tu, nalo lilinijia usingizini zaidi kuliko nikiwa macho: mikono ya mama ilikuwa inaanza kunuka majani kama ya watu wengine.

Katika zahanati mambo hayakuwa shwari. Tuliona kutoka dirisha la darasa. Wanawake walifika, wakakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, wakasubiri, na walipoona mama hatokei wakainuka na kuondoka. Mwanamke mmoja aliyepewa dawa ya macho ya mtoto alimnywesha. Mtoto alitapika sana, akapona. Habari ile ilifika kwetu, mama akaisikiliza akiwa ameegemea mlango, kisha akauliza kama kuni zimeletwa.

Siku moja jua likiwa utosini, tulimwona Sista mwenyewe akija shambani kwetu. Nilikuwa nimempelekea mama chakula. Alikuja akikata katikati ya mtama, pindo la gauni lake limejaa mbegu za magugu zinazonasa, uso mwekundu. Hakusalimu. Akamwambia mama kwamba kuna mwanamke ameletwa kutoka ziwani kwa machela, uchungu wake umeanza tangu jana, mtoto amekaa vibaya, na mwanamke yule anawapiga mateke wote wanaomkaribia.

"Hajui mimi nasema nini," Sista akasema. "Na mimi hajui yeye anasema nini. Njoo, Mama Naomi."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akaniachia fimbo ya ndege, akaenda. Nilikaa na ndege mpaka uvumilivu ukaniishia, nami nikawafuata.

Sikuruhusiwa kuingia. Nilisikia kutoka nje sauti ya mwanamke akilia kwa Kinyiramba kwamba anajua wanataka kumpasua, na nikasikia sauti ya mama, ya chini, isiyo na haraka, ikimwambia ni nani huyu mwenye mikono myeupe, mikono hiyo imekwisha kupokea watoto wa nani na wa nani, ikawataja kwa majina, ikamwambia sasa atakugusa hapa, sasa atageuza, vuta pumzi, si sasa, ngoja, sasa. Kila Sista aliposema neno, mama alilifikisha. Mwanamke aliacha kupiga mateke. Ilichukua muda mrefu. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimehama nilipomsikia mtoto analia.

Mama alitoka akaenda kwenye beseni, akanawa mpaka viwikoni, akachukua kanga yake kuondoka. Sista akamfuata barazani, akamwuliza kama kesho atakuja. Mama akasema hapana. Sista akauliza kwa nini, na safari hii mama akajibu.

"Mbele ya mgeni wako ulisema sina thamani. Mtu asiye na thamani anarudi kufanya nini?"

Sista alisema hajasema hivyo, hawezi kusema hivyo. Mama akanigeukia. "Naomi, sema neno lile."

Nikalisema. Nililitamka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimelirudia mara nyingi moyoni. Sista akashika shavu. Akaketi juu ya kasha la dawa lililokuwa pale, akaanza kueleza kwa Kiswahili chake, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. "Si mbaya," akasema. "Ni thamani. Thamani kubwa, mpaka hakuna. Hakuna thamani ya wewe." Akajisikia mwenyewe alichosema, akafunika uso.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwita Mwalimu Elia. Alikuja amevaa koti lake, akamwamkia mama kwa adabu, akasikiliza pande zote, kisha akaniomba nilipasue neno mbele yake. Nikalipasua. Akasikiliza kama alivyosikiliza darasani, mikono nyuma.

"Umekata sawasawa," akaniambia. "Umeunga vibaya." Akamgeukia mama. "Mtoto hakudanganya, Mama. Vipande ni hivyo hivyo. Ila maana yake ni kitu ambacho huwezi kukitia thamani, ukakisema ni kiasi gani. Hakipimiki. Alikusifu, tena sifa kubwa."

Ndani mtoto mchanga alikuwa akikohoa kikohozi kidogo cha watoto wachanga. Nilimwangalia mama nikitegemea atafurahi, maana jambo lote lilikuwa limenyooka. Sista naye alikuwa akimwangalia, ametulia, akingoja kitu hicho hicho. Mama alikunja kanga yake mara mbili akaiweka begani.

"Mwalimu, nimekuelewa," akasema. "Basi, Sista, kama ni neno zuri, mbona hukuniambia mimi? Nilikuwa nimesimama pale. Ulinitazama machoni ukamwambia yeye."

Sidhani kwamba Sista alikuwa amewahi kufikiri juu ya jambo hilo, na mimi pia sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimeshughulika na viungo vya neno kiasi kwamba sikuona limerushwa kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Mama akaaga, akamshukuru Mwalimu, tukarudi shambani. Ndege walikuwa wamekula mstari mzima wa upande wa magharibi.

Nyumbani baba alisimuliwa yote. Aliuliza maswali mengi, zaidi kuhusu neno kuliko kuhusu mama. Baadaye, mama alipokwenda jikoni, aliniita karibu akaniuliza kama yale maneno yake ya mgodini nayo yana viungo. Nikamwambia hayana, ni maneno kama jiwe. Akauliza basi yana maana gani. Nilikuwa nikiijua maana yake tangu darasa la tano. Neno boy lilikuwa chini ya picha ya mtoto mwenye kaptura akicheza mpira. Nywele za baba zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe masikioni. Nikamwambia maana yake ni mfanyakazi hodari. Akatikisa kichwa polepole, akasema ndivyo alivyodhani.

Mtama ulipovunwa mama alirudi zahanati. Hakuna aliyekuja kumbembeleza. Alikwenda mwenyewe asubuhi moja, akamwambia Sista kwamba atafanya kazi kwa sharti moja: chochote kitakachosemwa juu yake, yeye akiwapo, kisemwe kwa lugha anayoisikia, kiwe kizuri au kibaya. Sista alikubali. Watu walidhani ni ahadi ya kupita, lakini Sista alikuwa mtu mkavu ambaye akikubali kitu amekubali.

Miezi kadhaa baadaye daktari yule mgeni alipita tena, safari hii na mkewe, mama wa Kizungu mwenye kofia ya majani ambaye alikuwa hajafika nchini siku nyingi. Nilikuwa kizingitini kama kawaida. Walizungumza Kiingereza juu ya dawa, juu ya njia mbovu na juu ya mvua. Kisha mke wa daktari akamtazama mama akauliza huyu ni nani. Sista akanyoosha mabega yake, akageuka kidogo ili amtazame mama badala ya mgeni, akasema kwa Kiswahili kile kile cha kitabuni, safari hii bila kosa, kana kwamba alikuwa amekifanyia mazoezi.

"Huyu ni Mama Naomi. Bila yeye, mimi siwezi kazi hii."

Mama akasema, "Asante, Sista."

Mke wa daktari hakuwa ameelewa hata neno moja. Alitabasamu kidogo, kama mtu anavyotabasamu akijua amepitwa na kitu, akamgeukia mumewe, na mumewe, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuagiza maji ya moto, akamgeukia mama, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba pale zahanati kazi ya mama huyu ni kutafsiri. Wote wawili wakangoja. Mama aliwatazama kwa heshima, akaokota vitambaa vyake, akaendelea kukunja.